Umeme wa motahomu unaokuja na kupotea: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kuna matatizo ya umeme ambayo kila fundi anayapenda: taa imeungua, badilisha, kazi imekwisha. Halafu kuna haya ya kwetu. Taa inazima barabarani, ukisimama inawaka. Pampu inagoma alfajiri, saa nne inafanya kazi kama mpya. Ukifikisha gari gereji kila kitu kinatulia, kama mtoto aliyelia usiku kucha halafu mbele ya daktari anacheka. Majibu haya ni kwa wenye motahomu, yaani gari lenye nyumba ndani yake, ila mwenye karavani ya kuvuta au basi alilolitengeneza mwenyewe atakuta mengi yanamhusu pia.

Kwa nini tatizo linaondoka lenyewe? Kitu kibovu si hubaki kibovu?

Kilichoungua hubaki kimeungua. Ndiyo maana tatizo linalokuja na kuondoka lisikufanye uanze kushuku pampu, taa wala friji. Shuku mahali vitu viwili vinapogusana: kichwa cha waya na boliti, fyuzi na kishikio chake, plagi na soketi, kontakti za rilei (swichi inayoendeshwa na umeme wenyewe). Mahali hapo pakilegea au pakila kutu, umeme unapita kwa kubahatisha. Joto nalo lina mchango wake, kwa sababu chuma hutanuka na kusinyaa. Na nyumba hii inasafiri. Kila kilomita inatikisa kila kiungo kilichomo, na viungo vyenyewe ni mamia.

Nianzie wapi?

Anzia kwenye daftari. Sisemi mzaha. Andika kilichozima, saa ngapi, gari lilikuwa linakwenda au limesimama, mvua au jua, injini imewashwa au la, na vifaa gani vingine vilikuwa vinatumia umeme wakati huo. Halafu andika kile ambacho watu wengi hawaandiki: vitu ambavyo havikuzima. Hivyo ndivyo vitakavyokuonyesha njia. Kama taa za jikoni na pampu huzima pamoja lakini taa za kitandani zinaendelea, huna matatizo mawili. Unalo moja, na liko mahali ambapo jikoni na pampu vinachangia njia: fyuzi moja, waya mmoja wa chanya, au arthi moja, yaani njia ya umeme kurudi kwenye betri.

Kumbuka pia kwamba ndani ya motahomu moja kuna mifumo mitatu. Upo umeme wa gari lenyewe, na betri yake ya kuwashia injini. Upo umeme wa nyumba, volti 12 pia, wenye betri yake. Na upo umeme mkubwa wa kuchomeka kutoka nje, volti 230 au 120 kulingana na nchi uliyomo. Ukijua tatizo liko upande gani, theluthi mbili za gari umeshaziondoa kwenye orodha ya washukiwa.

Nahitaji vifaa gani?

Mita ya kupimia volti, hata ya bei ndogo. Balbu ya gari ya wati 21 (ile ya breki) iliyoungwa nyaya mbili zenye klipu. Waya mrefu unaofika kutoka kwenye betri hadi mwisho wa gari. Tochi, msasa laini, spana na bisibisi. Ukiweza kuongeza kitu kimoja, nunua mita ya kubana waya inayopima ampia za umeme wa betri; ziko nyingi zinazopima umeme mkubwa tu, kwa hiyo soma maelezo kabla ya kulipa.

Mita inaonyesha volti 12.6 lakini taa haiwaki. Mita ni mbovu?

Mita ni nzima na inasema kweli. Tatizo ni swali tulilouliza. Mita nyingi za kisasa zina ukinzani wa ndani (yaani kipingamizi cha umeme, kinachopimwa kwa omu) wa omu milioni 10, maana yake hazinywi umeme karibu kabisa. Chukulia waya umekatika nyuzi zote isipokuwa uzi mmoja ulioshikwa na kutu, na pale pana ukinzani wa omu 1,000. Kwa mita, omu 1,000 mbele ya milioni 10 si kitu, itasoma 12.6 bila wasiwasi. Taa inayohitaji ampia nzima haipati chochote.

Hapo ndipo balbu ya wati 21 inapopata heshima yake. Inavuta karibu ampia 1.75. Iunge sambamba na mita mahali unapopima. Volti zikibaki karibu na zile za betri na balbu ikang'aa, njia hiyo ni nzima. Volti zikiporomoka hadi 8 au 3, umempata mwongo. Ukitaka kubaki na sheria moja tu kutoka kwenye ukurasa huu, ibaki hii: pima mzigo, yaani kifaa kinachovuta umeme, ukiwa umewashwa. Pampu ikimbie, friji ivute, halafu ndiyo uweke mita.

Njia nzuri zaidi ni kupima volti zinazopotea njiani. Kifaa kikiwa kinafanya kazi, gusisha ncha moja ya mita kwenye chanya ya betri, na nyingine kwenye chanya ya kifaa. Mita itakusomea moja kwa moja kiasi kilicholiwa na upande wa chanya. Kisha fanya hivyo kwa upande wa hasi: hasi ya betri na hasi ya kifaa. Kiungo kizima hula volti 0.1 au chini yake. Njia nzima ikila zaidi ya 0.5, kuna mahali panaiba. Gawa njia nusu, pima tena, gawa nusu tena. Kwa hatua nne au tano utakuwa umesimama mbele ya kiungo chenyewe.

Kila mtu ananiambia "angalia arthi". Kwa nini arthi?

Kwa sababu umeme ukishamaliza kazi lazima urudi kwenye betri, na vifaa vingi hurudishia kwenye njia moja. Waya wa chanya ukikatika, kinazima kitu kimoja. Arthi ikilegea, vinachanganyikiwa vitu vitano, na kila kimoja kwa namna yake: taa inafifia, kipimo cha maji kinadanganya, feni inazunguka polepole. Umeme ukikosa njia ya kawaida hutafuta nyingine, hata kupitia taa ya jirani. Ukiwasha kitu kimoja na kingine kikapata uhai nusunusu, usiulize mara mbili.

Nikupe kisa changu. Kwa miezi kadhaa pampu na taa za jikoni zilizima kila nikipita kwenye matuta. Nilibadilisha pampu. Nikabadilisha swichi. Nikaanza kuitazama paneli ya kudhibiti kwa jicho baya. Siku moja nilishika waya mrefu, nikaunga hasi ya betri moja kwa moja na hasi ya pampu, nikaendesha kwenye barabara ileile mbovu. Hakuna kilichozima. Arthi, basi. Nilifuata nyaya hadi nyuma ya kabati la nguo, nikakuta boliti moja yenye vichwa vinne vya waya vimepandana. Chini yao palikuwa na rangi ya gari, aliyeifunga hakuikwangua. Miaka yote hiyo umeme ulikuwa unarudi kupitia meno ya boliti tu. Nilisugua kwa msasa hadi chuma kikang'aa, nikaweka washa yenye meno, nikakaza. Dakika 20 za kazi. Pampu ya zamani bado ninayo, nzima kabisa, imelala kwenye sanduku.

Taa zinafifia kila pampu inapoanza. Betri imechoka?

Huenda. Pima volti pale kwenye nguzo za betri wakati pampu inaanza. Zikishuka kwa volti nzima kwa mzigo mdogo kama huo wa ampia 5 hivi, betri imechoka kweli au haijachajiwa. Zikishuka kidogo sana huku taa zikififia sana, betri haina kosa; kuna kiungo kibaya kwenye njia ambayo taa na pampu wanaitumia pamoja. Hesabu yake ni nyepesi: kiungo chenye omu 0.1 kikipitisha ampia 10 kinakula volti nzima, na kinageuza wati 10 kuwa joto. Wati 10 kwenye nukta ndogo kama punje ya mchele zinatosha kuunguza plastiki. Kwa hiyo tumia na kidole: kiungo chenye joto ni kiungo kinachougua.

Fyuzi ni nzima kwa macho. Niendelee na mambo mengine?

Bado. Fyuzi inaweza kuwa na ufa usioonekana, unaofungana na kuachana kadiri joto linavyobadilika. Kishikio chake kinaweza kuwa kimepanuka hadi miguu ya fyuzi inacheza. Chomoa, tazama miguu: ikiwa imebadilika rangi au plastiki imeyeyuka ukingoni, fyuzi inashtaki kishikio chake. Kuweka fyuzi mpya kwenye kishikio kilicholegea kutakupa siku mbili za amani, hazitazidi.

Kama fyuzi inaungua kabisa, lakini mara moja tu kwa wiki mbili, hiyo ni hadithi nyingine. Pana waya unaogusa bodi ya gari mara mojamoja. Tafuta mahali waya unapopita kwenye tundu la chuma lisilo na raba, mahali mlango au droo inapokwangua, na skrubu ndefu iliyofungiwa rafu au pazia na mtu asiyejua nyuma ya ukuta kuna nini. Usiweke fyuzi kubwa zaidi. Fyuzi inalinda waya. Ukiweka ya ampia 30 pale palipoandikwa 10, kitakachoungua safari ijayo ni waya, ndani ya ukuta wa mbao.

Umeme unakatika dakika kadhaa, unarudi wenyewe, unakatika tena. Kama saa.

Mpangilio kama huo ni zawadi. Baadhi ya magari, hasa ya Marekani, yana vikata umeme vidogo vya volti 12 vinavyojirudisha vyenyewe: vikipata joto vinakata, vikipoa vinaunga. Kinafanana na kisanduku kidogo cha chuma chenye boliti mbili, mara nyingi karibu na betri. Ama kuna mzigo mkubwa kupita kiasi, ama vichwa vyake vimelegea na vinajipasha joto vyenyewe, ama kimechoka. Kaza kwanza. Kisha pima ampia. Kikikata huku mzigo uko chini ya kiwango kilichoandikwa juu yake, kibadilishe.

Nikiwasha injini, vitu vya nyumbani vinazima. Nikizima injini vinarudi.

Katika motahomu nyingi za Ulaya hilo si tatizo, zimeundwa hivyo. Altaneta, yaani jenereta inayozungushwa na injini, ikianza kuzalisha, waya mdogo unaoitwa D+ unaliarifu boksi la umeme wa nyumba, nalo linazima taa na baadhi ya vifaa vya ndani ili visiingiliane na mifumo ya gari. Friji na ngazi ya mlangoni vina utaratibu wao.

Linageuka tatizo pale ishara ya D+ inapokuwa na waya uliolegea. Hapo taa za ndani zitazima na kuwaka unapoendesha, friji itakata, na ngazi inaweza kusahau kujikunja. Sikiliza boksi: rilei inayobofya tiki-tiki-tiki barabarani inapata ishara inayosita.

Naendesha siku nzima lakini betri ya nyumba haijai.

Pima volti za betri ya nyumba injini ikizunguka. Ikichajiwa vizuri utaona kati ya 13.8 na 14.7. Ukiona 12.5, nenda kwenye betri ya gari upime pia. Huko kukiwa na 14 na huku 12.5, angalia fyuzi kubwa na rilei iliyo kati ya betri mbili, na usisahau arthi kati yao.

Kama kote kuna volti 12.5 na gari ni la miaka ya karibuni, kuna uwezekano altaneta yako ni ya "akili". Kompyuta ya gari huishusha volti betri ya injini ikishajaa, ili kuokoa mafuta, kisha huipandisha ukiachia pedali. Rilei ya zamani inayosubiri volti ziwe juu inafunga na kufungua, inafunga na kufungua, na wewe unadhani kuna waya uliolegea. Dawa yake ni chaja ya kati ya betri na betri, inayopokea volti zozote kutoka upande wa injini na kutoa zile betri ya nyumba inazohitaji.

Jioni betri inasoma imejaa, asubuhi friji imezima.

Volti za betri iliyotoka kuchajiwa hazina maana. Iache ipumzike saa kadhaa bila chaja wala mzigo, ndipo upime. Kwa betri ya risasi, 12.7 ni iliyojaa, 12.2 ni karibu nusu, na 11.9 inaelekea tupu. Friji za kompresa zina ulinzi unaozikata volti zikishuka, na zinapima volti pale zilipo wao, mwisho wa waya mwembamba wa mita sita, si kwenye betri. Betri inaweza kuwa na 12.1 na friji ikaona 10.9 kila kompresa inapojaribu kuanza. Inajaribu, inakata, inapumzika, inajaribu. Waya mnene zaidi huponya friji nyingi zilizotangazwa kufa.

Friji za gesi zinazotumia pia volti 12 ni jamii tofauti. Hizo kwenye volti 12 zina hita inayovuta ampia 10 na zaidi, na zimekusudiwa kutumia umeme huo injini ikiwa inafanya kazi tu.

Betri yangu ya lithiamu inajizima ghafla, halafu inarudi.

Ndani yake kuna bodi inayoilinda. Inakata ikizidiwa na mzigo, seli zikishuka sana au zikipanda sana, au joto likitoka nje ya mipaka. Betri za lithiamu za fosfeti ya chuma hazitakiwi kuchajiwa chini ya nyuzi 0, kwa hiyo asubuhi ya baridi kali zinaweza kukataa chaja kabisa na saa tano zikakubali. Kama betri ina programu ya simu, soma sababu ya kukata kabla hujagusa waya wowote. Na usizitathmini kwa volti: kwa sehemu kubwa ya matumizi yake husoma 13.2 au 13.3 tu, iwe imebaki asilimia 80 au 40.

Gari likikaa wiki, betri inakufa. Si kila mara.

Kuna kitu kinachonyonya, na "si kila mara" ina maana mara nyingine hakizimi. Zima kila kitu, funga milango, subiri nusu saa ili kompyuta za gari zilale. Kisha bana mita kwenye waya wa hasi wa betri. Makumi ya miliampia ni kawaida: redio, king'ora cha gesi, paneli. Nusu ampia si kawaida. Nusu ampia kwa saa 24 ni ampia-saa 12, na betri ya ampia-saa 100 itafika nusu kabla ya siku ya tano kwisha.

Ili kujua ni saketi ipi, usichomoe fyuzi mojamoja, maana kuchomoa na kurudisha huamsha vifaa vilivyolala. Weka mita kwenye milivolti na gusa vinundu viwili vya chuma juu ya mgongo wa kila fyuzi. Fyuzi isiyopitisha umeme inasoma sifuri. Inayopitisha inakuonyesha milivolti kidogo. Washukiwa wa kila siku ni taa ya sanduku la mizigo isiyozima, kiongeza nguvu cha antena ya televisheni, na rilei iliyoganda.

Sola inachaji siku nyingine, siku nyingine haichaji, na jua ni lilelile.

Pandisha ngazi. Tazama viungo vya plastiki kati ya paneli na waya: visukume hadi vibofye, vuta kidogo uone kama vinateleza. Kivuli chembamba cha antena kinachopita juu ya paneli saa nane mchana kinaweza kukupunguzia sehemu kubwa ya umeme, kwa hiyo linganisha saa kwa saa, si siku kwa siku. Na ukichomoa kidhibiti cha sola, toa paneli kwanza, betri baadaye. Ukirudisha, betri kwanza.

Inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa umeme mkubwa) inalia na kuzima nikichomeka birika.

Birika la wati 1,500 kwenye volti 12 linadai ampia 125, na ukiongeza upotevu wa inveta yenyewe unakaribia 140. Kwa kiasi hicho, omu moja ya mia tu kwenye kiungo inakula volti 1.4. Betri ina 12.4, inveta inaona 11, inapiga kelele. Nyingi hukata karibu na 10.5. Kwa hiyo kagua nyaya nene, fyuzi kubwa na swichi kuu, vyote vikiwa na mzigo, kwa mtindo ule wa kupima volti zinazopotea. Ukishika kichwa cha waya dakika mbili baada ya birika kuchemka na kikakuunguza, ndiye huyo.

Tukichomeka umeme wa nje, kikata umeme cha usalama kinaruka mara mojamoja, hasa baada ya mvua.

Hapa nabadilisha sauti. Volti 12 zinaunguza. Volti 230 zinaua. Kifaa kinachoruka pale umeme unapovujia ardhini, miliampia 30 kwa nchi nyingi za volti 230, kinafanya kazi yake. Usikipite kwa waya, hata kwa usiku mmoja.

Unachoweza kufanya bila kufungua chochote: chomoa kila kifaa kwenye soketi. Kuchomoa, si kuzima kwa swichi, kwa sababu swichi nyingi hukata waya mmoja tu na umeme unaendelea kuvuja kupitia mwingine. Rudisha kifaa kimoja kimoja. Mara nyingi mhusika ni hita ya maji: elementi iliyokaa muda mrefu bila kutumika hunyonya unyevu, ikavuja mpaka ipate joto na kukauka, na hapo tatizo "linapona". Baada ya hita, kagua soketi ya nje ya gari na waya mrefu wa kuchomekea. Plagi zilizolala kwenye nyasi zenye maji hazihitaji fundi kuzieleza. Vyote vikiwa vimechomolewa na bado kinaruka, mwite fundi umeme aliyesomea.

Volti za soketi zinapanda na kushuka, taa moja inang'aa kupita kiasi na nyingine inafifia.

Chomoa waya wa nje sasa hivi. Kwenye huduma za Amerika Kaskazini zenye njia mbili za volti 120, waya wa kati ukilegea njia moja hupanda na nyingine hushuka, na vifaa huungua kwa dakika. Usirudishe hadi soketi ya kambini na plagi yako vikaguliwe.

Tatizo linakuja kwa baridi tu, au kwa joto tu. Nalileta vipi mchana?

Ulete huo msimu mwenyewe. Kikausha nywele kinapasha bodi ya umeme au rilei moja bila kugusa nyingine. Barafu iliyofungwa ndani ya mfuko usiovuja inapoza. Kwa unyevu, chupa ya kunyunyizia maji upande wa nje kwenye taa na viungo vya volti 12 tu. Kwa mtikisiko, mwenzako awashe kifaa na kukitazama, wewe upite ukitikisa mafungu ya nyaya kwa mkono, sentimita kumi kumi, na kugonga rilei kwa mpini wa bisibisi. Nenda polepole. Ukitikisa fungu zima kwa nguvu, taa itapepesa na hutajua ni wapi.

Paneli ya kudhibiti inaonyesha mambo ya ajabu, vipimo vinarukaruka.

Kabla ya kununua mpya (zina bei ya kuumiza), kata umeme wa nyumba kabisa kwa dakika chache, rudisha, halafu chomoa na uchomeke tena plagi zilizo nyuma yake. Kitendo hicho peke yake husugua kutu nyembamba. Magari yanayotumia mtandao wa CAN, yaani nyaya mbili ambazo vifaa vya gari hupashana habari kupitia, huwa na vizuizi viwili vya omu 120, kimoja kila mwisho. Umeme ukiwa umezimwa, mita kati ya nyaya zake mbili isome karibu omu 60. Ukisoma 120, upande mmoja umekatika mahali fulani.

Nimekipata kiungo kibovu. Nikitengeneze vipi kisirudi?

Kwanza vua pete na saa ya chuma. Toa hasi ya betri mwanzo, chanya baadaye. Kurudisha ni chanya kwanza, hasi mwisho. Betri za risasi hutoa gesi ya haidrojeni zikichajiwa, kwa hiyo fungua hewa na usicheze na cheche.

Kata waya mpaka ufike kwenye shaba inayong'aa. Shaba nyeusi chini ya ganda ni kutu iliyopanda, na inaweza kupanda sentimita kadhaa. Weka kichwa kipya kinacholingana na unene wa waya, ubane kwa koleo maalumu ya kazi hiyo. Plaizi hukiponda tu, hakishiki. Vuta kwa nguvu: kikitoka mkononi, kingetoka barabarani. Funika kwa mpira wenye gundi unaosinyaa kwa joto. Kuchoma kwa risasi naachia bodi za ndani. Kwenye waya unaotikisika, pale risasi inapoishia waya huwa mgumu na hukatika hapohapo.

Vile vibanio vya kuungia waya kwa kutoboa ganda lake, vinavyopendwa na wanaoongeza redio na kamera, nikivikuta navitoa hata kama havijaleta kesi. Viunganishi vya betri visugue, kaza, kisha ndipo upake mafuta mazito ya kuzuia kutu juu yake. Baada ya kukaza, si kabla. Mwisho funga waya kwa klipu ili usining'inie.

Panya wanaweza kuwa ndio?

Wanaweza sana, hasa gari likikaa msimu mzima. Tafuta kinyesi na vipande vya ganda la waya chini ya kitanda na karibu na tangi la maji.

Nimetafuta wiki tatu. Nimpe fundi?

Mpe, lakini usimpe gari peke yake. Mpe daftari. Mwambie ulichopima na mzigo gani ulikuwa umewashwa, na mwonyeshe video ya simu ya kitu kikizima. Mwombe aendeshe gari akiwa na mita imeungwa, si kulitazama likiwa limeegeshwa. Akikuambia bila kupima chochote kwamba ubadilishe boksi zima la umeme, muulize volti ngapi zinapotea kati ya betri na boksi hilo. Asiyekuwa na jibu bado hajaanza kutafuta.